Miwani Inayozimika Mapema

Kinyozi aliichukua miwani ya kwanza, akaigeuza chini juu, akanusa sponji yake, kisha akaipima uzito kiganjani kama anavyopima mashine ya kunyolea. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, lile la kwendea benki na mazishini. Duka lilikuwa jembamba kama korido, chaja zimening'inizwa ukutani pande zote mbili, na katikati palikuwa na kiti cha plastiki kilichofungwa kwenye nguzo kwa kamba, ili wateja waliofunikwa macho wasikisogeze wakaanguka.

"Wa mchezo au wa marehemu?" mwenye duka aliuliza.

"Wa marehemu," alisema kinyozi.

"Basi kaa. Wa mchezo ndio wanaosimama."

Mwenye duka alijulikana kwa jina la Mama Chaja, kwa kuwa alianza biashara kwa kutembeza chaja mkononi kabla hajapata chumba. Alichovya pamba kwenye spiriti akaipangusa miwani ndani na nje. Kinyozi alipendezwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kumgusa mtu kwa wembe usiopita kwenye spiriti, na watu wa namna hiyo aliwahesabu kuwa ndugu zake.

"Machozi yana chumvi," Mama Chaja alieleza. "Yanakula sponji. Ukinunua, chukua na sponji ya akiba."

Mke wa kinyozi alikuwa ameketi kwenye kreti la soda karibu na mlango, mkoba mapajani.

"Atazipima zote, mama, usimharakishe," alisema. "Pasi tuliyo nayo aliilinganisha miezi. Siku aliporudi kuinunua akakuta duka limegeuka famasi."

"Nikainunua kwingine, tena bora," alisema kinyozi.

"Hata mimi alinilinganisha na dada zangu wawili."

"Ukashinda?" aliuliza Mama Chaja.

"Alisema nina sauti ndogo. Hajawahi kukosea zaidi ya siku ile."

Mama Chaja alicheka, na kinyozi akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mtaani walimwita Pima Kwanza, naye hakulichukia jina hilo. Aliona kuwa mtu ambaye shule ilimpita mbali hana budi kuwa na njia yake ya kuyajua mambo. Njia yake ilikuwa kuweka vitu vitatu mbele yake, kuvishika, kuvigonga na kuvisikiliza.

Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa amekufa katika moto wa kiwanda cha nguo pamoja na wenzake wa chumba cha ushonaji. Iliundwa tume. Tume ikasema kuwa mlango wa chumba ulikuwa wazi, ila wasichana walichanganywa na moshi wakakimbilia upande usio na mlango. Baada ya muda wasichana hao walianza kuonekana kwenye miwani. Ni hizi miwani kubwa zinazofunika uso mzima, ambazo vijana huziita vii-aa na vitabuni huitwa miwani ya uhalisia pepe. Mtu akiivaa hujiona yuko mahali pengine, uwanjani au mwezini, na kila anapogeuza kichwa anaona upande mwingine wa mahali hapo. Wa kwanza kuwaona alikuwa mtoto wa mhasibu, aliyekuwa akicheza mpira humo. Alimwambia mama yake kuwa nyuma ya goli kuna wanawake wanashona. Mama yake alimwambia ashambulie goli la upande wa pili.

Baadaye ikajulikana kuwa jamaa wa marehemu hahitaji mchezo wowote. Akiivaa miwani na kuiwasha, inamfikisha moja kwa moja kwenye chumba cha ushonaji. Watengenezaji waliulizwa, wakajibu kuwa dhamana yao inahusu kioo na betri tu. Mwenyekiti wa tume naye alipita dukani kwa Mama Chaja, akajaribu moja, akasema picha ni safi na mlango unaonekana umefungwa kabisa, lakini miwani haiwezi kuapishwa. Akanunua waya wa simu, akaenda zake.

Kilichobaki kwa kinyozi na mkewe ilikuwa kuchagua. Mama alitaka kukaa na mwanawe. Kinyozi alitaka kumfungulia mlango atoke.

Miwani ya kwanza, ya bei ya chini, ilikuwa boksi la plastiki lenye lenzi mbili, na mteja hupachika simu yake mwenyewe kwa mbele. Kinyozi aliivaa akakiona chumba kwa udogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Alimwona binti yake kwa nyuma. Alikuwa na kile kitambaa chake cha kichwani cha buluu, na mabega yalipanda na kushuka kila aliposukuma nguo chini ya sindano. Sauti haikuwepo. Alipogeuza kichwa ili auone uso wake, chumba kiligeuka nusu kikakwama. Kisha simu ikaita, na palipokuwa na kichwa cha binti pakatokea namba ya mteja mmoja, fundi wa ving'amuzi. Mteja alitaka kujua kama leo kuna kunyoa.

"Hii haifai," alisema kinyozi akiivua. "Mtu uko na mwanao, mara anakuingilia mtu wa ving'amuzi."

Mke wake alijaribu pia.

"Amekonda," alisema.

"Ni simu yenu, ina kioo chembamba," Mama Chaja alimtuliza. "Kwenye simu pana wote wananenepa."

Miwani ya kati ilikuwa nyeusi, mikanda yake ya kitambaa, na haikuhitaji simu. Mama Chaja aliikaza nyuma ya kisogo cha kinyozi, akamwambia asishtuke kukiona chumba kikubwa. Kinyozi hakushtuka. Alijikuta amesimama kati ya safu mbili za vyerehani, na feni ya darini ikizunguka bila kuleta upepo. Madirisha yalikuwa na nondo. Ubaoni palikuwa pameandikwa kwa chaki idadi ya kola zinazotakiwa.

"Shikamoo baba," alisema binti yake bila kuinua macho.

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Sogea kidogo, msimamizi akipita asikuone. Na usiegemee hilo rundo, baba, ni kola. Zikikunjamana tunarudia zote."

Kinyozi akasogea. Alimwangalia usoni kwa makini, kama anavyomwangalia mteja kwenye kioo kabla ya kuanza. Hakuona alama yoyote.

"Bado mnafanya kazi?"

"Oda haijaisha. Jana kola, leo kola, wanasema kesho ni kola. Mwenzangu huyu hapa anasema huko duniani lazima wameacha kuvaa mashati, wanavaa kola tupu."

Msichana wa cherehani cha pili alicheka, akamwamkia kinyozi naye. Kinyozi akaitikia. Halafu akautazama mlango. Ulikuwa mwisho wa chumba, wa chuma, umepakwa rangi ya kijivu.

"Na huo mlango?"

"Umefungwa. Tukishaingia wote wanafunga kwa nje, tusitoke na nguo." Binti alikata uzi kwa meno. "Ni mlango mzuri, baba. Kama ulivyosema."

Alisema hivyo bila lawama, kama mtu anayekubali kuwa chai ina sukari ya kutosha.

Ni kweli kwamba kinyozi alikuwa amesema. Binti yake alipomaliza shule, nafasi za kazi zilikuwa tatu, na baba yake alikwenda kuzikagua zote kwa miguu yake. Kiwanda cha barafu kilikuwa na sakafu ya kuteleza. Kiwanda cha sabuni kilikuwa na mlango wa mbao nyepesi, uliobaki wazi mchana kutwa, na wanaume wasio na shughuli walikaa getini. Mama yake alikipenda hicho, kwa kuwa aliwaona wasichana wakitoka mapumziko wakicheka. Lakini kiwanda cha nguo kilikuwa na ule mlango. Kinyozi alizishika bawaba zake akakuta zimepakwa grisi. Aliugonga kwa vifundo vya vidole, akausikiliza, ukamjibu kwa sauti nzito. Alirudi nyumbani amefurahi.

"Pale hata mwizi aje na nyundo," alimwambia binti yake, "haingii."

Sasa alikuwa akiutazama mlango huo kwa upande wa ndani, ambao siku ile hakuuomba kuuona. Alifungua kinywa amwambie binti yake neno, na hapo chumba kikawa giza. Alirudi kwenye kiti cha plastiki akiwa bado amefungua kinywa.

"Betri," alisema Mama Chaja. "Hiyo ndiyo ila yake. Hata ukiitia chaji kutwa nzima, inakaa muda huo huo."

Kinyozi aliukadiria muda huo. Ulitosha kunyoa kichwa kimoja na ndevu, bila haraka na bila mazungumzo mengi.

Miwani ilichajiwa tena, mke wake akaketi kitini. Waliobaki nje ya miwani waliusikia upande mmoja tu wa maongezi.

"Umekula?... Na wenzako?... Mguu gani, wa kukanyagia?... Mwambie asikupigie kelele, mwambie una wazazi... Ee... Ee, kile cha maua bado ninacho, nimekikunja... Hapana, baba yako hajaacha, anazilinganisha hadi hizi."

Alicheka mara moja, kicheko kifupi ambacho kinyozi hakuwa amekisikia tangu msiba. Betri ilipokata alikaa kidogo na miwani usoni.

"Hukumuuliza mguu wake," alimwambia mumewe alipoivua.

"Sikujua unamuuma."

"Ungeuliza ungejua."

Miwani ya tatu ilitolewa chini ya kaunta, ndani ya boksi lenye mpini. Ilikuja na vishikio viwili vya mkononi, ambavyo mtu akivishika huiona mikono yake mwenyewe huko anakokwenda. Kwa betri yake kinyozi angeweza kumaliza foleni nzima ya Jumamosi.

"Hii siwapi wazazi kabla sijawaambia," alisema Mama Chaja. "Betri yake haikati."

"Hilo si ndilo jema?"

"Kwa mchezo, ndiyo."

Kinyozi aliivaa. Aliiona mikono yake, na kovu la wembe kwenye kidole gumba lilikuwepo mahali pake. Alimwuliza binti yake mguu, akaambiwa leo afadhali. Kisha alikwenda moja kwa moja mlangoni. Alisukuma kwa viganja, akasukuma kwa bega. Ulikuwa mlango mzuri. Palipokuwa na kitasa pamebaki tundu, na kwa tundu hilo aliliona kufuli likining'inia upande wa nje, la shaba, limetulia. Alipenyeza kidole. Kilifika kwenye kifundo cha kwanza kikakwama.

"Utaumia, baba," alisema binti yake kutoka kwenye cherehani chake. "Hapo tumeshajaribu wote."

Alijaribu tena. Baadaye taa zilififia, zikawaka, zikazimika, na harufu ya waya ukiungua ikaja kutoka upande wa stoo ya vitambaa. Msichana mmoja alisema, "Haya, tayari," kama anayetangaza kengele ya mapumziko. Wakainuka wote. Hakuna hata mmoja aliyekimbilia upande usio na mlango. Walikuja mlangoni kwa mstari ulionyooka, kwa sababu mlango walikuwa wanaujua, na kwa kuwa kinyozi alikuwa mzee walimpisha akae mbele. Binti yake alimshika mkono. Wengine walianza kugonga, kwa viganja, kwa viatu, kwa mikasi, na mlango ukawajibu wote kwa ile sauti nzito.

Betri haikukata.

Alipoivua miwani nyusi zake zilikuwa zimeungua. Kidole cha shahada kilikuwa na lengelenge. Mama Chaja alimpa maji ya chupa na mafuta ya mgando.

"Zinaota," alisema. "Mama wa yule msichana wa vifungo, zake zilirudi nzuri kuliko za mwanzo."

Kinyozi alikwenda kwenye kioo cha duka, akatoa mkasi mdogo wa mfukoni, akasawazisha vinywele vichache vilivyobaki ili pande mbili zilingane.

"Kufuli liko nje," alisema kinyozi akiwa bado anajitazama. "Hizi zote zinamweka mtu ndani. Ipo inayomweka nje?"

"Ilikuwepo," alisema Mama Chaja. "Aina ya nne. Ukiivaa unasimama koridoni, na ufunguo unauona umetundikwa msumarini. Yalikuja maboksi machache, mwenye kiwanda akayanunua yote siku ile ile."

"Anayatumia?"

"Sijui, baba. Hapa hajarudi kuchukua sponji."

Kesho yake asubuhi kinyozi alifunga kibanda chake, akaenda ofisini kwa mwenye kiwanda. Msichana wa mapokezi alimkalisha kwenye sofa. Maboksi yalikuwa kwenye kona, yamepangwa moja juu ya jingine, na juu yake palikuwa na birika la umeme na kopo la sukari. Moja lilikuwa limetumika kuzuia mlango wa choo usijifunge.

Mwenye kiwanda alitoka mwenyewe. Alikuwa mtu mpole, anayewaamkia wazee kwa mikono miwili.

"Pole na msiba, mzee wangu. Pole na nyusi pia."

"Nimeshapoa. Nimekuja kuazima moja," alisema kinyozi. "Kwa muda wa kunyoa kichwa kimoja. Nifungue tu, niirudishe."

Mwenye kiwanda alilifikiria ombi hilo kwa uzito wake. Alikaa kwenye ukingo wa meza ya mapokezi.

"Ningekupa. Sina uchoyo. Lakini tume imesema mlango ulikuwa wazi. Sasa wewe ukienda kuufungua, utakuwa umefungua nini? Mlango uliokuwa wazi haufunguliki, mzee. Utaniingiza mimi na wewe kwenye mambo ambayo wakubwa wameshayamaliza."

"Mwanangu yuko ndani."

"Najua. Na ni mfanyakazi mzuri, hilo nalisema popote." Aliinuka, akamsaidia kinyozi kuinuka. "Unywe chai kwanza kabla hujaondoka. Maji yamechemka."

Kinyozi hakunywa. Aliporudi dukani alimkuta mke wake ameshafika, ameketi kwenye lile kreti.

"Amekataa," alisema mkewe.

"Amekataa kwa heshima."

Miwani tatu zilikuwa zimepangwa kwenye kaunta. Kinyozi alizitazama moja baada ya nyingine, akainyanyua ile kubwa, akaiweka chini.

"Ya tatu ndiyo bora," alisema. "Picha, sauti, mikono, betri. Mtu yeyote atakwambia."

"Tunachukua ya kati," alisema mke wake.

"Betri yake mbovu, mama yake. Inazima kabla—"

Hakumaliza. Mkewe alikuwa ameshafungua mkoba.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Inazima kabla."

Ilikuwa mara ya kwanza kinyozi kununua kitu kwa ajili ya ila yake. Mama Chaja aliifunga kwenye boksi, akawaongezea pamba na chupa ndogo ya spiriti.

Wakawa na utaratibu. Baada ya chakula cha mchana, saa ambayo wateja wa kunyoa hupungua, kinyozi alirudi nyumbani, miwani ikiwa imechajiwa. Siku moja alivaa yeye, siku ya pili mkewe. Siku za mkewe kulikuwa na habari nyingi: nani kagombana na nani juu ya mkasi, nani anaimba vibaya. Siku zake zilikuwa fupi, kwa kuwa hakujua kupiga soga na binti yake hata alipokuwa hai. Aliuliza mguu. Aliuliza kola. Alijizoeza kukaa huku mgongo wake ukielekea mlangoni. Miwani ilizimika kila siku kabla taa za kule hazijafifia, na mmoja wao alichomeka chaja, maisha yakaendelea.

Nyusi zilirudi, moja ikiwa na mvi na nyingine nyeusi. Wateja walimtania kuwa amefumaniwa na mtu mwenye mkono mmoja.

Kiwanda kilifunguliwa tena kwa jina jipya. Kinyozi alipita mbele yake kila asubuhi akienda kibandani. Walikuwa wamepaka ukuta rangi, wamebadilisha bango, na kupitia geti lililo wazi aliuona mlango wa chumba cha ushonaji, sasa wa kijani. Siku moja mlinzi alikwenda kununua vocha, kinyozi akaingia hadi mlangoni. Alishika bawaba, akakuta zimepakwa grisi. Aligonga mara moja kwa vifundo vya vidole. Aliijua sauti ile. Walikuwa wameunyoosha tu na kuupaka rangi.

Sponji ya kwanza ilipoliwa na machozi, alikwenda kwa Mama Chaja kuchukua nyingine. Alimkuta anapiga pasi sketi ya buluu na koti fupi la kijani juu ya kaunta, kati ya simu na waya. Kinyozi alilitambua koti. Wasichana waliokuwa wakiingia kiwandani asubuhi walivaa koti la kijani.

"La nani?"

"La mwanangu. Anaanza Jumatatu," alisema Mama Chaja. Hakuinua macho kutoka kwenye pasi. "Sikufichi, baba."

"Kile chumba unakijua kuliko mtu yeyote."

"Nakijua. Ndiyo maana nimeweza kumwelekeza. Nimemwambia aombe cherehani cha dirishani."

"Dirisha lina nondo."

"Najua lina nondo. Pana hewa."

Mteja wa mchezo aliingia, akavalishwa miwani, akaanza kurusha ngumi akiwa amesimama katikati ya duka. Wote wawili walirudi nyuma wakampisha.

"Na mimi nililinganisha, usidhani," alisema Mama Chaja kwa sauti ya chini. "Nilikaa nikapima kama unavyopima wewe. Kulikuwa na kiwanda na kulikuwa na kukaa nyumbani. Amekaa nyumbani mpaka ameanza kuongea na pazia."

Kinyozi alitafuta kitu cha tatu cha kuweka kando ya hivyo viwili. Alikitafuta kwa muda mrefu, macho yakizunguka kwenye chaja zilizoning'inia, hata yule mteja wa mchezo akashindwa pambano lake na kuvua. Kiwanda cha sabuni kilikuwa kimefungwa zamani. Cha barafu kilikuwa gereji.

"Mkunjo wa kola umebaki hapa," alisema mwishowe, akaonyesha kwa kidole.

"Ahsante," alisema Mama Chaja, akapitisha pasi hapo.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya kinyozi. Aliketi kitandani, mkewe akamkazia mikanda. Akafika. Kwanza alidhani miwani imempeleka kwingine, kwa kuwa binti yake hakuwa kwenye cherehani chake. Alikuwa amesimama. Chini ya madirisha palikuwa na safu mpya ya vyerehani, kila kimoja na kiti chake, na wasichana wote walikuwa wakivipangusa kwa vitambaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hivi ni vya nani?"

"Vya wanaokuja. Tumeambiwa tuviandae." Binti alipuliza vumbi kwenye meno ya mashine, akatia tone la mafuta, akalifuta lililozidi. Alifanya hivyo kwa makini, na baba yake aliona kuwa alikuwa na mkono wake, mkono wa kinyozi. "Hiki cha dirishani sijui nikiwekeje. Huyu anayekuja unamfahamu?"

Kinyozi alikitazama kiti cha dirishani. Alijua kuwa betri inakwenda.

"Namfahamu. Ni binti wa mwenye duka."

"Mrefu?"

"Hapana," alisema kinyozi. "Kimo chako."

Binti alizungusha kirungu cha kiti, kiti kikashuka. Alikikalia, akajaribu kukanyaga, akaona bado, akainuka akakishusha kidogo tena. Kisha alilowanisha ncha ya uzi kwa ulimi akaanza kuupitisha kwenye tundu la sindano, na miwani ikazimika.

"Anasemaje leo?" aliuliza mkewe.

"Anatengeneza kiti," alisema kinyozi. Alipangusa sponji mpya kwa spiriti, akachomeka chaja, akarudi kazini.